Cheni ya Baiskeli na Mafuta Yake



Katika nyumba nyingi za Butimba, na za mwambao huu wote wa Ziwa Viktoria, baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo inayompeleka baba kazini, ndiyo inayoleta madumu ya maji siku ya shida, na ndiyo inayofika ufukoni alfajiri kupokea samaki na kuwapandisha Nyegezi, Mkolani na Buhongwa kabla jua halijakuwa kali. Wazee wa Usukumani waliijua faida hii zamani. Katika miaka ya 1950, pamba ilipoleta fedha vijijini, wakulima wengi walinunua baiskeli. Leo pikipiki zimejaa njiani, lakini baiskeli haijastaafu. Haili petroli, wala haimdai mwenyewe ila matunzo kidogo.

Katika matunzo hayo kidogo limo moja ambalo karibu kila nyumba hulifanya, na karibu kila nyumba hulikosea, nalo ni kutia mafuta katika mnyororo, yaani cheni. Tumeona yafaa tulieleze kwa utaratibu, kwa kuwa kosa lake latugusa sisi wenyewe.

YALIYOTUFIKA

Nyumbani kwetu ilikuwako baiskeli moja nyeusi, yenye breki za fito, ambayo baba yetu aliitumia kuchuuza samaki. Kazi ya kuipaka mafuta ilikuwa yetu, nasi tuliifanya kwa bidii ya mtu asiyejua. Kila Jumamosi tulikwenda kuomba oili chafu katika gereji ya magari, tukaimimina juu ya cheni mpaka ikadondoka chini. Cheni ikawa nyeusi, nene na yenye kung'aa, nasi tukajiona tumeitendea wema.

Asubuhi moja tulitumwa kupeleka samaki, na ndugu yetu mdogo akakaa juu ya keria kulishika kapu. Tulipofika penye mwinuko wa kuingilia barabara kuu, tukasimama juu ya pedali ili tuvuke upesi, maana lori lilikuwa linakuja. Hapo cheni ikaruka meno ya gia. Pedali ikazunguka bure, mguu ukateleza, na baiskeli ikalala katikati ya njia pamoja nasi. Dereva aliwahi kushika breki, Alhamdulillahi. Lakini ndugu yetu alivunjika mkono, samaki wakamwagika mchangani, na fedha iliyokuwa ya mtaji wa wiki ile ikagawanyika baina ya hospitali na fundi.

Fundi wa baiskeli alikuwa mzee aliyefanya kazi chini ya mwembe. Aliipitisha cheni katika vidole vyake, kisha akavisugua vidole vile karibu na sikio letu. Tukasikia mchanga ukilia. Akauliza ni nani aitiaye mafuta baiskeli hii. Tukakiri kwamba ni sisi.

"Mwanangu," akasema, "cheni hii haikufa kwa njaa. Imekufa kwa kuvimbiwa."

Baba hakutugombeza. Alimwomba fundi atufundishe, na haya tunayoyaandika msingi wake ni mafunzo ya siku ile, pamoja na mengine tuliyoyasoma na kuyajaribu baadaye.

CHENI NI KITU GANI

Cheni tuitumiayo leo ina umri mkubwa. Mwaka 1880, Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, alibuni cheni yenye vigurudumu vidogo viitwavyo rola. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, ambayo cheni huvuta gurudumu la nyuma. Baiskeli ya kijana wa Butimba, iwe imetoka India au China, ni mjukuu wa baiskeli ile.

Tuitazame cheni kwa karibu. Kila kiungo kina mabamba mawili ya pembeni, na katikati mna pini. Pini imevikwa bomba dogo liitwalo bushi, na juu ya bushi huzunguka rola, ambayo ndiyo inayokaa baina ya meno ya gia. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, na katika baiskeli ya kawaida pini hizo hukaribia 110. Kila cheni inapoingia katika gia hujikunja, na inapotoka hujinyosha. Pini husuguana na bushi, na bushi husuguana na rola. Basi msuguano wote uko ndani, mahali ambapo jicho halipaoni.

Hapa ndipo tulipokosea sisi, na ndipo wengi wanapokosea. Kazi ya mafuta iko ndani ya kiungo. Yale yanayobaki nje, juu ya mabamba, hayapunguzi msuguano wowote. Utando mwembamba watosha kuzuia kutu, na zaidi ya hapo ni mtego wa vumbi.

Watu husema cheni "imerefuka", wakadhani chuma kimevutika kama mpira. Sivyo. Pini zimelika na matundu yake yamepanuka. Ikiwa kila kiungo kimelika kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, viungo 110 vitaleta urefu wa ziada wa milimita 11, karibu nusu inchi nzima. Cheni ya namna hiyo haikai tena sawasawa juu ya meno. Hupanda juu yake, huyachonga mpaka yakawa membamba na kupinda kama ndoana, na siku mtu anapokanyaga kwa nguvu, huruka. Ndiyo iliyotuangusha.

ADUI NI MCHANGA

Mwanza ni mji wa miamba. Mawe yale makubwa ya matale yanayobebana vilimani na ziwani hubanduka kidogo kidogo kwa jua na mvua, na mchanga wake ndio ulio njiani kwetu na ufukoni. Ndani yake mna chembe nyeupe zing'aazo ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Mchanga mkavu ukianguka juu ya bamba kavu, mwingi wake hupeperuka. Ukiangukia mafuta mazito, hunasa, hukorogeka nayo, ukawa kama dawa ile ya kusagia vyuma ambayo mafundi hununua kwa fedha. Sisi tulikuwa tukiitengeneza bure kila Jumamosi.

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, wakiongozwa na James Spicer, walipima nguvu inayopotea katika cheni ya baiskeli. Waliona kwamba ndani ya maabara, mahali pasipo na vumbi, aina ya mafuta haikuleta tofauti kubwa. Spicer alikisia kwamba kazi moja kubwa ya mafuta ni kujaza nafasi iliyo ndani ya cheni ili uchafu usipate mahali pa kuingia. Kwa hiyo anayetia mafuta juu ya uchafu huufungia adui ndani ya nyumba.

MAFUTA YAPI YAFAA

Tuanze na yasiyofaa, maana ndiyo yaliyozoeleka.

Oili chafu ya gari ni ya kwanza kukataliwa. Imekwisha kufanya kazi katika injini, ikabeba masizi na unga wa vyuma, na mtu anayeitia katika cheni hutia uchafu wa injini nzima. Tena si salama kwa mwili. Oili hii ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu hudhuru, na wataalamu wa afya huihesabu miongoni mwa vitu viwezavyo kuleta saratani ya ngozi. Wala isimwagwe mferejini, kwa kuwa mifereji yetu hushuka ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayoyanywa.

Mafuta ya kupikia nayo hayafai, yawe ya alizeti au ya mbegu za pamba tulizozizoea Usukumani. Siku ya kwanza huteleza vizuri, lakini hewa huyageuza yakawa mazito na yenye kunata kama gundi. Kila mama anayaona pembeni mwa kikaango cha siku nyingi.

Mafuta ya taa husafisha, hayalainishi. Ni mepesi mno, hukauka na kuiacha cheni tupu. Kadhalika mafuta ya kupuliza kutoka katika kopo, yanayouzwa kwa ajili ya kulegeza kutu, hufaa kufungua kiungo kilichoganda, lakini hayadumu.

Grisi ina mahali pake, nako ni katika mipira ya chuma ya ekseli na ya pedali. Juu ya cheni hubaki nje kwa uzito wake, haiingii penye pini, ikakusanya mchanga.

Ama yanayofaa, mtu achague kwa kuutazama msimu na kazi.

Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, vumbi linapotawala, mafuta mepesi kama yale ya cherehani ndiyo mazuri. Hupenya upesi mpaka kwenye pini na hayanasi vumbi jingi. Upungufu wake ni kwamba hayakai muda mrefu, basi hutiwa mara kwa mara, kidogo kidogo.

Wakati wa mvua mafuta mepesi huoshwa siku moja. Hapo yafaa oili safi ya injini, isiyotumika bado, ambayo kipimo kidogo cha dukani hutosha miezi mingi. Kwa kuwa ni nzito zaidi, hustahimili maji. Na kwa sababu hiyo hiyo hushika uchafu zaidi, nayo yataka kufutwa kwa uangalifu. Katika maduka ya mjini hupatikana pia mafuta maalumu ya cheni, mengine ya vumbi na mengine ya mvua. Ni mazuri kwa mwenye uwezo. Asiye nayo asisikitike, kwani namna ya kutia ni kubwa kuliko jina la chupa.

Iko na njia ya nta. Cheni hutolewa, husafishwa mpaka ikatakata, hukaushwa, kisha hutumbukizwa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Kopo la nta liwekwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala lisiwekwe juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Cheni ikipoa huwa kavu, haichafui nguo na haishiki vumbi. Ni kazi ndefu, na mvua kubwa huiharibu, lakini wakati wa kiangazi ina raha yake. Nta ya nyuki, tuliyo nayo kwa wingi nchini, peke yake haifai hapa kwa kuwa hunata.

NAMNA YA KUTIA

Kazi hii ifanywe jioni, baiskeli ikiwa imepumzika, ili mafuta yapate usiku mzima wa kupenya.

Kwanza ni kusafisha. Chukua tambara kavu, ishike cheni upande wa chini, na uzungushe pedali kinyumenyume mpaka uchafu wa juu utoke. Ikiwa imeshikwa na tope jeusi, tumia mswaki wa zamani uliochovywa katika mafuta ya taa kidogo, usugue viungo pande zote mbili, kisha ufute. Meno ya gia yasisahauliwe. Halafu acha cheni ikauke kabisa, kwani mafuta ya taa yaliyobaki ndani huyaharibu mafuta mapya.

Pili ni kutia. Tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni inapopita chini, latosha. Chupa ya mafuta ya cherehani ina mdomo mwembamba unaofaa. Asiye nayo atumie bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Ili usipitie kiungo kimoja mara mbili, anza penye kile kiungo chenye klipu, nawe utakapokiona tena ujue umemaliza. Kiungo hicho kikaguliwe hapo hapo: upande wa klipu uliofungika uelekee mbele, kule cheni inakokwenda, la sivyo yaweza kufyatuka njiani.

Tatu ni kuzungusha. Zungusha pedali nyuma mara 20 au 30, polepole, ili mafuta yaingie.

Nne ni kufuta, na hili ndilo wengi hawalifanyi. Asubuhi chukua tambara safi, uishike cheni na uzungushe mpaka nje pawe karibu pakavu. Usione uchungu kwamba unayafuta mafuta uliyoyanunua. Yanayohitajiwa yamekwisha kuingia. Kidole kikigusa cheni kitoke na alama hafifu tu.

Kwa baiskeli ya kazi ya kila siku, ifute cheni kila wiki na uitie mafuta kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua, itie kila inaponyeshewa sana, baada ya kuikausha. Wachukuzi wa samaki wana jambo la zaidi, kwa kuwa maji ya kapu, na hasa ya samaki wa chumvi, hudondoka juu ya cheni na kuleta kutu. Kipande cha plastiki chini ya kapu huokoa fedha nyingi. Wala si vyema kuitumbukiza baiskeli ziwani kuiosha, kama vijana wapendavyo, kwani maji na mchanga huingia mahali pasipotoka kwa urahisi. Ukiilia cheni sauti ya ndege, ujue umechelewa.

KUPIMA

Cheni ikiisha, mafuta hayaifufui. Mtu achukue rula, aiweke sifuri katikati ya pini moja, na ahesabu viungo 24. Pini ya mwisho katika cheni mpya huangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, cheni na ibadilishwe. Anayeibadilisha kwa wakati hununua cheni peke yake. Anayengoja mpaka iruke hununua cheni, gia ya mbele na friwili kwa pamoja, ikiwa hakununua na dawa.

WATU WA NYUMBANI

Tuna maneno machache kwa akina baba na akina mama. Mtoto asiachwe karibu na cheni inayozungushwa, kwa kuwa kidole kikiingia baina ya cheni na gia chaweza kukatika. Mafuta ya taa na oili visihifadhiwe katika chupa za soda, maana watoto wamekunywa wakidhani ni kinywaji. Tone la mafuta lisifike penye rimu, kwa sababu breki hushika hapo, na rimu yenye mafuta haisimami mteremkoni.

Buibui, kanga na kanzu ni rafiki wabaya wa cheni. Kifuniko cha cheni kisitupwe kwa sababu kinapiga kelele, bali kikazwe skrubu zake. Mama anayebebwa juu ya keria akusanye nguo zake upande usio na cheni. Na cheni iliyofutwa vizuri haimharibii mtu kanzu yake siku ya Ijumaa. Mwenye kushika grisi aioshe mikono yake kwa sabuni mpaka itoke, kwa kuwa utando unaozuia maji kufika kwenye ngozi lazima uondoke kabla ya udhu.

Ndugu yetu yule mkono wake ulipona, ila haunyoki sawasawa mpaka leo. Ana baiskeli yake mwenyewe sasa, na wanawe wanaitumia kwenda shule. Tulipomtembelea siku za karibuni tulimkuta kibarazani, tambara mkononi, akimwonyesha mwanawe wa kwanza jinsi ya kusugua vidole karibu na sikio. Kijana alisikiliza, akasema hakusikia kitu.

"Basi iko tayari," akamjibu baba yake. "Mpakie mdogo wako."